Siafu Anafyeka

Kila siku saa tisa na nusu, kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi tisa wa gofu hawakwenda nyumbani. Walivuka barabara, wakapita kwenye geti dogo la nyuma la uwanja wa gofu, wakatupa mikoba yao ndani ya kibanda cha mabati, kisha kila mmoja akachukua fimbo. Kocha alikuwa mtu wa saa kumi kamili, si dakika moja kabla wala moja baada. Nusu saa ile ya kumngoja ilikuwa yao wenyewe, na walikuwa na mchezo wao ambao Kocha hakuujua.

Waliuita kupiga hewa. Unasimama peke yako, hakuna mpira, unazungusha fimbo kwa nguvu zako zote na wenzako wanasikiliza. Anayetoa mvumo mkubwa kuliko wote anaitwa Jenerali, na Jenerali haokoti mipira siku hiyo. Usione kuokota mipira ni jambo dogo. Ni mipira mia na ushee, imetawanyika kila upande, jua linachoma kisogo na kiuno kinalia. Ndiyo maana watoto walipiga hewa kwa kufa na kupona.

Kwa wiki tatu mfululizo Jenerali alikuwa mmoja tu, naye alikuwa mdogo kuliko wote: msichana wa miaka kumi na mitatu, mwembamba, mwenye macho makali. Bibi yake alimpa jina la Siafu tangu akiwa mtoto mchanga, kwa sababu alikuwa mdogo na akiuma haachii. Jina likamganda, hata walimu wakalizoea.

"Fyuuu!" Fimbo ya Siafu ilipasua hewa.

"Loo! Siafu tena!" wenzake wakapiga kelele. "Huyu ana mikono au mashine?"

"Na bado," Siafu akajibu, akaenda kukaa kwenye benchi na miguu ameinyoosha.

Lakini Kocha alipofika na ndoo ya mipira, mambo yaligeuka. Siafu aliinua fimbo, akaishusha kwa hasira, fimbo ikachimba udongo kabla haijafika kwenye mpira. Akajaribu tena, safari hii akaugusa mpira utosini tu. Ukajikokota hatua kumi ukalala. Pembeni yake alikuwepo Profesa, mvulana mrefu mwenye miwani na jibu la kila kitu. Fimbo ya Profesa ilikuwa hailii hata kiasi cha kumtisha inzi, lakini mpira wake ulipaa ukavuka mtaro.

"Jenerali wa upepo," Profesa akamnong'oneza.

"Kaa na miwani yako," Siafu akamrudishia.

Kocha akaja, kofia usoni, mikono nyuma. Zamani alikuwa mchezaji hodari mpaka goti lake lilipoharibika. "Siafu," akasema, "unaachia mapema. Vifundo vya mikono yako vinafunguka fimbo ikiwa bado juu. Ukifika kwenye mpira huna tena cha kupigia. Subiri."

Siafu aliyasikia maneno yale vizuri, akajitia hamnazo. Aliinua fimbo tena na kupiga vilevile, kwa makusudi, na kwa nguvu zaidi.

Sasa, msomaji, usimhukumu haraka. Alikuwa na sababu yake.

Wiki sita nyuma, siku ya kwanza kabisa, Kocha aliwapa wote fimbo bila kuwafundisha lolote, apate kuona kila mmoja ana nini. Siafu alipiga jinsi mwili wake ulivyomtuma. Alipandisha mikono bila haraka, akaishusha, fimbo ikapita chini ikifagia. Mpira ukapaa mpaka ng'ambo ya mtaro. Kabla hajafurahi, Profesa akapayuka, "Mwoneni! Anafyeka! Anafyeka kama mama yake!" Wote wakaangua kicheko, wengine mpaka wakaketi chini. Siafu akamgeukia Kocha, akitumaini atawakemea. Kocha naye alikuwa akicheka.

Hilo ndilo lililomchoma. Mama yake kweli alikuwa mfyekaji, tena wa uwanja uleule. Alikuwa kiongozi wa wafyekaji watano waliokata nyasi kwenye miteremko ambako mashine haiwezi kupita. Ukisimama kwenye kibanda ungeweza kumwona ng'ambo ya ua wa michongoma, na ovaroli ya kijani, mabuti ya mpira na fyekeo refu mkononi. Siafu hakuwahi kumwonea mama yake haya. Thubutu! Lakini siku ile alikata shauri kwamba hakuna mtu atakayesema tena kwamba anafyeka. Lile pigo lake la kwanza akalitupa. Akakaza vidole, akakaza mabega, akakaza hata meno, akaanza kupiga mithili ya mtu anayepasua kuni.

Kifundo cha mkono wake wa kushoto ndicho kilicholipa gharama. Kilianza kwa kuwasha kidogo, kikaja kuuma, na sasa kilikuwa kimevimba. Kila fimbo ilipochimba udongo, maumivu yalipanda mpaka kwenye kiwiko. Na Kocha alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: mwenye maumivu hagusi fimbo mpaka nesi aandike kwamba amepona. Mashindano ya kuchagua timu yalikuwa karibu. Kati ya wale tisa wangechukuliwa wanne tu, hao ndio wangewakilisha shule na kufundishwa mwaka mzima. Siafu alikuwa amelitangazia darasa zima kwamba atakuwemo. Kwa hiyo alivaa sweta la mikono mirefu na kufunga mdomo.

"Sweta la nini na jua lote hili?" Profesa akamuuliza.

"Nasikia baridi. Inakuhusu?"

Jumamosi asubuhi, wiki mbili kamili kabla ya mashindano, Siafu na mama yake walikuwa uani wakifua. Nguo ya mwisho ilikuwa ovaroli ya Mama. Ovaroli ile ikilowa ilikuwa nzito kama gunia, haikamuliki na mtu mmoja. Mama hushika miguu, Siafu hushika mabega, kila mmoja anapinda upande wake mpaka maji yote yatoke.

"Jana nilikuwa kwenye ule mteremko wa nyuma ya ua wenu," Mama akaanza, mikono yake ingali kwenye povu. "Nikawasikia mkizungusha fimbo bila mipira. Ndio mchezo gani ule?"

"Tunapiga hewa tu. Kwani ulituona?"

"Kuona kwa nini? Nimesikia. Kazini wenzangu wanapanga mstari, mimi nimewapa kisogo, na bado najua nani anafanya nini. Fyekeo likilia miguuni, limekata nyasi. Likilia begani, limekata hewa, na mwenye nalo ana hasira au kachoka. Kabla ya saa nne utamkuta amekaa chini anasugua mkono." Mama akatikisa kichwa. "Basi jana kulikuwa na mmoja wenu analia juu, juu kabisa, karibu na sikio. Nikasema, maskini, mtoto wa watu huyu atajiumiza. Haya, shika tukamue."

Siafu alishika. Akakaza. Maumivu yakampiga mpaka machozi yakamlenga, mkono ukaachia, na ovaroli safi ikaanguka chwaa kwenye tope.

"Imeteleza," akasema haraka.

Mama aliitazama ovaroli, kisha akamtazama binti yake. Akamsogelea, akaivuta mikono ya sweta mpaka kwenye kiwiko.

"Nini hiki?"

"Niligonga dawati."

"Dawati likakuumiza kwa ndani, nje lisikuachie hata mkwaruzo?"

Yote yakamtoka Siafu kwa mpigo mmoja. "Ni fimbo! Ni mimi ninayelia juu! Napiga kwa nguvu kwa sababu nikipiga taratibu wanasema nafyeka, wanacheka, hata Kocha alicheka, na mimi sitaki wacheke! Na usinipeleke zahanati, Mama, tafadhali, watanitoa!"

Mama aliumia, na Siafu aliona kwamba ameumia. Aliiokota ovaroli, akaitumbukiza tena kwenye beseni, akapangusa mikono yake.

"Vaa viatu," akasema.

Mama akatangulia mpaka mlangoni pa zahanati. Hapo akasimama. "Miaka tisa nafyeka, jua na mvua. Kifundo changu hakijaniuma hata siku moja. Wewe wiki sita tu umeshavimba. Sasa niambie, kati yangu na hao wanaocheka, nani hajui kazi?"

Nesi wa zamu alikuwa mwanamke mnene asiyependa kubembeleza. Akakibonyeza kifundo, akakigeuza huku na huku, Siafu akang'ata mdomo. "Hakijavunjika," nesi akasema. "Mishipa ndiyo imevimba, kwa kugongwagongwa. Siku kumi kuanzia leo: hakuna fimbo, hakuna ndoo ya maji, hakuna kukamua nguo."

"Siku kumi! Mashindano ni Jumamosi ya wiki ya pili!"

"Basi utabakiwa na siku nne."

"Na nikikaidi?"

Nesi akamtazama juu ya miwani yake. "Ukikaidi tutaonana tena hapahapa, na sitasema siku, nitasema miezi. Chagua."

Siafu hakupenda hata moja kati ya yale mawili, lakini hesabu alikuwa anaijua. Nesi akamfunga bendeji. Walipotoka nje Mama akasema, "Na Kocha utamwambia mwenyewe. Wewe ndiye uliyeficha, wewe ndiye utakayesema. Mimi sitii mguu pale."

Jumatatu saa kumi kamili Siafu alisimama mbele ya kibanda bila sweta, bendeji nyeupe ikionekana na kila mtu. Alipiga moyo konde.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba. Nini hicho?"

"Mkono wangu umevimba. Umeniuma wiki tatu na nilikuficha. Nesi amesema nisiguse fimbo mpaka Jumanne ya wiki ijayo."

"Kwa nini ulinificha?"

"Ungenitoa."

"Ningekupumzisha," Kocha akasema, na sauti yake ilikuwa kali. "Na mara ngapi nimekwambia unaachia mapema? Ungenisikia, mkono usingevimba. Kwa nini hukunisikia?"

Hapa wenzake walitegemea Siafu atainamisha kichwa na kuomba radhi yaishe. Siafu hakuinamisha.

"Samahani, Kocha, lakini nitasema. Siku ya kwanza nilipiga vizuri. Wakasema nafyeka, wakacheka. Na wewe ulicheka. Tangu siku hiyo sikutaka tena kupiga vile, na sikutaka kukusikia."

Profesa alivua miwani, akaanza kuifuta japo haikuwa na vumbi. Kocha akavua kofia, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

"Nilicheka," akasema. "Ni kweli, na nilikosa. Lile pigo lako la kwanza ndilo zuri kuliko yote niliyoyaona hapa mwaka huu. Nilipoona limepotea nilidhani umezembea. Kumbe nimelifukuza mimi." Akarudisha kofia kichwani. "Lakini kuficha maumivu, hilo ni kosa lako, na usinibebeshe mimi."

"Nimekubali, Kocha."

"Kwa hiyo umejitoa, nafasi moja iko wazi," mtu mmoja akasema nyuma.

Siafu akageuka kama aliyeungua. "Nani amejitoa? Napumzika. Nikimaliza kupumzika mtaniona."

Zilikuwa siku ndefu. Wenzake walipiga hewa, Jenerali mpya akapatikana, na Siafu alikaa na mikono mapajani akiwatazama. Siku ya pili ya kukaa bure uvumilivu ulimwishia. Akapita kwenye pengo la ua wa michongoma, akaenda kukaa juu ya mteremko alikokuwa mama yake.

"Umekuja kufyeka?" Mama akauliza bila kugeuka.

"Nimekuja kutazama."

"Basi tazama mikono yangu, usitazame fyekeo."

Siafu akatazama. Alikuwa amemwona mama yake akifyeka maelfu ya mara, na siku hiyo aligundua kwamba hajawahi kumtazama. Mama alipandisha mikono miwili pamoja. Mkono wa kushoto ulinyooka bila kukakamaa. Fyekeo lilipofika juu, vifundo vilijikunja vyenyewe, chuma kikasimama wima.

"Nikianza kushuka, nini kinatangulia?"

"Fyekeo."

"Rudia kutazama."

Mama akapiga tena, taratibu. "Kiuno!" Siafu akasema. "Kiuno kinageuka kwanza, halafu mikono inafuata. Fyekeo linabaki nyuma."

"Na vifundo?"

"Bado vimejikunja... bado... mpaka mikono ifike mapajani." Vuuu! Nyasi zikalala. "Hapo ndipo vinapofunguka!"

"Nani kavifungua?"

"Si wewe, Mama?"

"Mimi? Mimi nilikuwa nafikiria chai." Wafyekaji wenzake wakacheka. "Uzito wa chuma ndio unaovifungua. Mimi navizuia nini, navisukuma nini? Kifundo ni bawaba, mwanangu. Nguvu inatoka kiunoni na mabegani, kifundo kinaipitisha tu. Ukiingia nyumba ukaona bawaba ndiyo inayosukuma mlango, hama nyumba hiyo."

"Kwa hiyo Kocha aliposema naachia mapema..."

"Alikuwa anakwambia hivihivi ninavyokwambia. Fumba macho sasa. Sikiliza."

Siafu alifumba macho. Vuuu, miguuni kwa Mama. Vuuu, miguuni kwa mwenzake. Halafu kijana mmoja mgeni kazini, fyuu, juu begani. Siafu alitabasamu kabla hata Mama hajamkemea. Alirudi pale kila siku, alifumba macho, na kufikia Jumatatu ya mwisho aliweza kutaja watu wote watano kwa sauti za mafyekeo yao.

Jumanne nesi alikigeuza kifundo, Siafu hakung'ata mdomo. Nesi akaandika karatasi. Jioni hiyo Siafu alishika fimbo, akapiga hewa, na sauti ikalia palepale karibu na sikio. Mwili ulikuwa umezoea ubaya. Jumatano sauti ilishuka begani. Alhamisi ikafika kiunoni, Kocha akapita nyuma yake akasema neno moja tu, "Endelea." Ijumaa ikafika gotini. Wenzake walimsikia, wakabenua midomo.

"Jenerali kaishiwa betri!"

"Cheka, meno yasiote kutu," Siafu akajibu, akaendelea.

Jumamosi ikafika. Kocha alichora duara kubwa la chokaa ng'ambo ya mtaro, mwendo wa hatua mia moja. Kila mmoja alipewa mipira mitatu, na wanne wenye mipira mingi ndani ya duara ndio wangekuwa timu; wakilingana, aliyetangulia kupiga ndiye angechukuliwa. Aliyemaliza kupiga alikwenda kusimama kwenye duara kumhesabia anayefuata. Kura ilimweka Siafu wa mwisho, nyuma ya Profesa.

Siku hiyo Profesa alikuwa na kiwewe. Mpira wake mmoja uliingia, miwili ikapotea kwenye majani. Hata hivyo mmoja ulitosha, maana watatu tu walikuwa wameingiza miwili, na wengine wote walitoka kapa. Nafasi ya nne ilikuwa yake, ila kama Siafu angepata miwili. Akaenda zake kwenye duara, akasimama na bendera ndogo mkononi.

Siafu akaweka mpira wa kwanza. Alipandisha fimbo, na mtu kwenye benchi akapayuka, "Haya, mfyekaji!" Damu ikamchemka. Vidole vikakaza vyenyewe, fimbo ikalia begani, na mpira ukatumbukia mtaroni. Benchi zima likacheka.

Siafu alisimama, pumzi zinampanda. Imebaki miwili, na yote miwili iingie, la sivyo kwaheri. Hakuna aliyekuja kumtia moyo. Mama yake hakuwepo. Alikuwa zamu, ng'ambo ya ua, na kazi yake haikumngoja mtu. Lakini sauti ya fyekeo lake ilisikika. Vuuu. Kimya. Vuuu. Haikuwa na haraka hata kidogo.

Siafu akaligeukia benchi.

"Ndiyo," akasema kwa sauti kubwa, "nafyeka. Mama yangu anafyeka, na mimi nafyeka. Mwenye kucheka na acheke sasa hivi, amalize kabisa, kisha aninyamazie nifanye kazi."

Hakuna aliyecheka. Siafu akaweka mpira wa pili. Akalegeza vidole. Akapandisha mikono, vifundo vikajikunja. Akageuza kiuno, mikono ikafuata, akasubiri, akasubiri tena ingawa kila mshipa ulimwambia apige. Vuuu! Ililia miguuni. Hakusikia hata mshtuko mkononi, mpira uliondoka mwepesi, ukavuka mtaro, ukaanguka katikati ya duara.

Mpira wa tatu ulipaa vilevile. Uliangukia mbele kidogo, ukadunda, ukabingirika kuelekea ukingo wa duara, ukapunguza mwendo, ukasimama.

"Umo au umetoka?" Kocha akapaza sauti.

Profesa aliinama. Toka alipokuwa Kocha mtu asingeweza kuona, mwenye kuona alikuwa Profesa peke yake. Akisema umetoka, nafasi ni yake. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akainama tena.

"Uko juu ya mstari," akapaza sauti. "Mstari ni sehemu ya duara, Kocha. Umo!" Akainua bendera.

Siafu aliruka juu akapiga kelele ambayo wafyekaji wote waliisikia. Kisha alikimbia mpaka kwenye duara, akasimama mbele ya Profesa.

"Ungeweza kusema umetoka," akasema.

"Ningesema, halafu?" Profesa akajibu, na macho yalikuwa yamemlowa. "Ningekutazamaje kila siku?"

Kocha alimwita Profesa pembeni akamwambia kwamba yeye ndiye mchezaji wa akiba, na kwamba atafanya mazoezi na timu kila Jumamosi. Kisha akaenda mwenyewe mpaka kwenye ua wa michongoma, akaita. Mama akaja na ovaroli yake, mabuti yana tope, fyekeo begani. Kocha akamwomba azungumze na watoto.

Mama aliwatazama mmoja mmoja. "Nani alikuwa wa kwanza kusema mwanangu anafyeka?"

Profesa akainua mkono polepole. "Mimi, mama. Siku ile ya kwanza. Nisamehe."

"Ulisema kweli, alikuwa anafyeka. Kosa ni kukicheka kitu ambacho hukijui. Lakini na huyu wangu simwachi." Akamshika Siafu bega. "Mtu akikucheka, hasira ni haki yako. Ila usiipe hasira mkono wako ikuvunjie. Huyu alikuwa na kitu kizuri, akakitupa kwa sababu watu wamecheka. Akaambiwa maneno ya kumfaa, akayakataa kwa sababu amemkasirikia msemaji. Mwili ukamwambia unaumia, akauvalisha sweta. Mnaona alivyojizungusha? Siku aliyosema ukweli ndiyo siku aliyoanza kupona. Ukiumwa, sema. Ukikosewa, sema pia, mbele ya mwenyewe, kwa adabu, lakini useme. Na kazi ya mikono ya mzazi wako, mtu akiitaja mbele za watu, itikia."

"Ndiyo, mama," wote wakajibu.

"Sawa. Maneno yametosha. Mafyekeo ya akiba yako stoo na ule mteremko haujaisha. Pangeni mstari, nusu saa tu, kwa nafasi. Siafu atakaa mwanzo."

Wakapanga mstari, Siafu mwanzo, Profesa wa pili, na Kocha naye akachukua fyekeo akasimama mwisho. Mama akawapa kisogo, akaendelea na sehemu yake. Mafyekeo yakaanza kupanda na kushuka. Dakika haikupita, Mama akasimama, hakugeuka.

"Huko mwisho!" akaita. "Kocha! Wewe unalia begani. Unaachia mapema."

Watoto wakaangua kicheko, na Kocha akacheka kuliko wote. Kisha akalegeza vidole na kuanza upya.